Mwacheni asile nyama, ila mwondoleeni chai mezani

Kila nikikaa kliniki hapa Tanga mjini hoja ni ileile: mtoto wa sekondari kaacha nyama, mzazi anaamini ataishiwa damu, na majirani wamekwisha kumshauri juisi ya rozela na bitiruti kwa kuwa ni nyekundu. Nimechoka kulijibu hili mdomoni, sasa naliandika.

Wekundu wa juisi hauhamii kwenye mishipa. Bitiruti gramu 100 haifikishi hata miligramu 1 ya madini chuma, ambayo ndiyo mwili hutumia kutengenezea damu. Binti wa miaka 14 hadi 18, kwa viwango vya Marekani, anahitaji miligramu 15 kwa siku, mvulana 11. Asiyekula nyama huambiwa azidishe mara 1.8, maana chuma cha mimea hufyonzwa kidogo. Hiyo 1.8 mimi nina shaka nayo. Ni hesabu iliyotokana na makadirio ya ufyonzaji, na mwili uliopungukiwa chuma huongeza wenyewe kiasi unachofyonza. Lakini hata ukiipuuza, juisi haikufikishi.

Protini tusipotezeane muda. Ugali na maharage, wali na choroko, mbaazi za nazi, karanga: kijana anayeshiba vyakula hivi hana shida ya protini.

Shida ni chai. Mtoto anakula mbaazi na maandazi asubuhi, chuma kipo kwenye zile mbaazi, halafu anashushia na kikombe cha chai ya rangi iliyokolea. Tanini za majani ya chai zinakishika kile chuma tumboni na kinapita kwenda chooni. Katika majaribio ya mlo mmoja mmoja, chai imepunguza ufyonzaji kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo ni hivyohivyo. Ukitia maziwa humsaidii, kwa sababu kalsiamu nayo hukibana chuma. Katika miezi mingi ya kula na kunywa madhara huenda yakawa madogo kuliko majaribio hayo yanavyoonyesha, na wataalamu bado wanabishana. Mimi sisubiri wamalize kubishana, kwa sababu dawa yake haina gharama: chai inywewe saa moja au zaidi baada ya chakula, na kwenye chakula chenyewe ale chungwa, maana vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa. Tunakaa jirani na Muheza, machungwa yanatupita barabarani kwa malori! Kama hakuna chungwa, kamulia ndimu kwenye maharage yakishaipuliwa, maana moto huiua vitamini C. Na maharage yenyewe yalowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe.

Maziwa msiyafute kwa sababu ya hayo niliyosema. Kijana anahitaji kalsiamu miligramu 1,300 kwa siku. Anywe maziwa au mtindi kwa wakati wake, mbali na mlo wa maharage. Wala msiutegemee mchicha kwa kalsiamu, kwani una kemikali ziitwazo oksaleti ambazo huishikilia.

Jambo ninalolikalia muda mrefu na wazazi ni vitamini B12. Swali langu la kwanza kwa kijana ni: samaki unakula? Wengi hapa pwani wakisema hawali nyama, dagaa na samaki wanakula, na hao B12 wanaipata. Anayekula mayai na maziwa kila siku naye hana la kuogopa sana. Aliyeacha vyote lazima apewe vidonge au chakula kilichoongezwa B12, na hapa sibembelezi. Mchicha hauna, maharage hayana. Ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mtoto ataonekana mzima kabisa huku akiba inakwisha, na ikikwisha mishipa ya fahamu huweza kuumia. Watu hunijibu kwamba kuna Wahindu ambao vizazi na vizazi hawajagusa nyama. Ni kweli, tena wengi hunywa maziwa na kula dengu kwa wingi, lakini India kwenyewe upungufu wa B12 ni jambo la kawaida.

Vitabu vinasema mlo usio na nyama, ukipangwa vizuri, unafaa. Chama cha wataalamu wa lishe cha Marekani kiliandika hivyo mwaka 2016 kwa kila rika, vijana wakiwamo. Tamko lao la 2025 linawahusu watu wazima tu. Sisemi wamegeuka, ila anayekwambia suala la vijana limefungwa anakuharakisha.

Wingi wa damu (hemoglobini) wa binti ukiwa chini ya gramu 12 kwa desilita, msikimbilie kulaumu sahani. Apimwe malaria, minyoo na selimundu, aulizwe kama hedhi yake ni nzito. Na ukiwa 12.5 msishangilie mapema, kwani akiba ya chuma inaweza kuwa imeisha kabla wingi wa damu haujashuka. Kipimo cha akiba ni feritini. Kiombeni pale kinapopatikana.

Mwisho, muulizeni kwa upole kwa nini ameacha. Anayewaonea huruma wanyama simhofii. Namhofia aliyeacha nyama, kisha akaacha wali, kisha akaanza kusema ameshakula kwa rafiki yake. Akikonda, au hedhi ikikatika miezi mitatu, mleteni haraka, na siku hiyo habari ya nyama tuiweke kando kwanza.