Je, wajua zamani kibarua wa Florence, mji wa Italia, na tajiri yake walitumia pesa mbili tofauti?

Mimi miaka yote nilikua najua florini ndo pesa ya Florence, basi, unaingia sokoni nayo unanunua mkate unarudishiwa chenji. Kumbe wapi! Florini ilikua dhahabu tupu, gramu 3.5 hivi, ilianza kupigwa 1252, na kwenda nayo kwa muuza mkate ni sawa na kumpa mama vitumbua noti ya dola mia. Kibarua wa mtaa kama San Frediano, ng'ambo ya mto Arno walikojazana wachana sufu, alilipwa piccioli, visarafu vya fedha iliyochakachuliwa kwa shaba, vyeusi vyeusi, na mkate na divai navyo alinunua kwa hizohizo.

Halafu nikakosea tena, nikadhani basi piccioli ni senti za florini. Hapana. Zilikua pesa mbili kila moja na njia yake, bei ya kubadilishana inacheza, unaiulizia kwa wabadilisha fedha pale Mercato Nuovo wamekaa nyuma ya meza zao (meza hiyo ndo banco, na benki yetu jina limetokea huko). Chukulia mtu wa Dar analipwa shilingi, bosi wake anauza mzigo nje kwa dola. Shilingi ikishuka mshahara haujaguswa, karatasi ni ileile, ila bosi akipiga hesabu kwa dola anaona kibarua amekua rahisi. Matajiri wa sufu walikua hapohapo, kitambaa wanauza kwa florini, ujira wanatoa kwa piccioli.

Mwaka 1252 florini ilikua soldi 20 (soldi ni hesabu ya hizo piccioli). Kwenye 1400 imefika kama 75, kwenye 1500 karibu 140. Na muda wote huo wa karne ya 15 ujira wa kibarua wa ujenzi ulizunguka soldi 10 tu kwa siku, kwahiyo florini moja iliyokua kazi ya siku 7 na nusu ikawa ya siku 14, na hakuna aliyekatwa hata soldi moja.

Ila tusizidishe, mkate uliuzwa kwa piccioli, florini ikipanda leo hulali njaa leo. Tena baada ya tauni ya 1348 watu walipungua sana na ujira ulikua umepanda kwanza.

Kasheshe ni ukiwa na binti wa kuozesha. Kule mahari alikua anatoa baba wa bibi harusi, na mara nyingi yalihesabiwa kwa florini.