Ditekta Kwenye Shamba la Watu: Yanayosemwa Kuhusu Ruhusa na Yaliyo Kweli

Mtu akinunua ditekta ya kutafutia metali, swali lake la kwanza huwa: inashika futi ngapi? Swali ambalo lingemwepusha na kituo cha polisi ni lingine. Nani hasa anaweza kuniruhusu kupita na mashine hii, na ruhusa yake inaishia wapi? Hapa Kenya, kuanzia Gilgil hadi Busia, majibu ni mengi, na mengi yanapotosha.

Dhana: "Mwenye shamba akikubali, tutakachopata ni chetu, tutagawana."

Hii ndiyo dhana inayoponza watu wengi. Mwenye shamba anaweza kukufungulia lango, lakini hawezi kukupa kitu ambacho si chake, na vingi vilivyo chini ya udongo si vyake.

Madini kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inayahesabu madini yote kuwa ardhi ya umma, hata yakiwa chini ya shamba lenye hatimiliki. Sheria ya Madini ya 2016 inakataza kuyatafuta au kuyachimba bila kibali au leseni. Kwa hiyo ukienda Kakamega, Vihiga, Siaya au Migori na ditekta ukitafuta dhahabu, "ndiyo" ya mwenye shamba ni lazima lakini haitoshi. Mchimbaji mdogo, ambaye sheria inataka awe raia wa Kenya, huombea kibali chake ofisi ya madini ya kaunti.

Kisha vitu vya kale. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya 2006 inaviita vya kale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati. Vikiwa ardhini, ni mali ya serikali. Ukigundua kitu cha kiakiolojia, yaani cha kabla ya 1800, una siku saba kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa (makumbusho ya taifa), ukitaja mahali hasa na jinsi ulivyokipata, kisha ukikabidhi. Kukusudia kutafuta vitu vinavyolindwa na sheria hiyo kunahitaji leseni, hata kama shamba ni lako mwenyewe. Wengi wakisikia hilo hudhani ni utani. Ukiwa Kisumu, pa kuuliza ni makumbusho ya pale mjini. Nakuru kuna Hyrax Hill, na hapo penyewe, kama ilivyo kwenye maeneo mengine ya kale ya Kariandusi au Thimlich Ohinga, usikanyage na ditekta.

Kinachobaki ni nini? Kingi tu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na vibarua, maduka na minada vilivyoifuata viliacha sarafu kila mahali. Zile senti 5 na 10 zenye tundu, zilizotumika kabla ya Kenya kuanza shilingi yake mwaka 1966, ni za baada ya 1895, kwa hiyo umri wake hauzifanyi kuwa vitu vya kale vya sheria hiyo. Vivyo hivyo vifungo, kufuli, vipande vya plau na pete. Lakini pete ina mwenyewe. Kama mama wa boma aliipoteza akipalilia, kuitia mfukoni huku unajua anaweza kupatikana ni wizi.

Dhana: "Niliyemkuta analima ndiye wa kumwomba."

Nusu kweli. Sheria inayokataza kuingia kwenye ardhi ya mtu bila idhini inataja idhini ya anayelikalia shamba, na ukishtakiwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba ulikuwa nayo ni wako. Kwa hiyo aliyekodi shamba la mahindi kwa msimu mmoja kule Njoro lazima aulizwe. Lakini yeye amekodi kulima tu. Kukubalia mtu achimbechimbe mashimo si haki aliyoilipia, na mwenye shamba akirudi ugomvi utakuwa wa watu watatu. Uliza wote wawili.

Magharibi tatizo ni jingine. Hatimiliki mara nyingi bado ina jina la babu aliyefariki zamani, na wana watano wamegawana kwa mipaka ya miti na mawe. Kaka mmoja akikuruhusu, amekuruhusu kipande chake tu. Mwombe atembee nawe mpakani, kisha waone wale wanaopakana naye siku hiyo hiyo. Penye kesi ya urithi, achana napo. Hakuna sarafu inayostahili kukufanya shahidi wa upande mmoja.

Kwa shamba kubwa au la kampuni, fanya serchi kwenye ofisi ya ardhi ukitumia nambari ya shamba, ujue jina lililosajiliwa, kisha uandike barua. Bawabu wa getini hana mamlaka hayo, hata akichukua hela ya chai.

Dhana: "Chifu amesema sawa."

Chifu hana uwezo wa kutoa ruhusa ya shamba la mtu. Mpashe habari hata hivyo, na mzee wa mtaa pia, maana mgeni mwenye vipokea sauti masikioni akitembea polepole na fimbo inayolia huzua uvumi kabla ya saa sita mchana.

Dhana: "Usitaje ditekta. Sema unapima udongo, la sivyo watakataa."

Kinyume chake. Uongo huu hudumu mpaka mlio wa kwanza, na kuanzia hapo kila kitu utakachotoa kitaonekana dhahabu uliyoificha. Watu wamekua na hadithi za rupia alizozika mlowezi na sanduku chini ya mwarubaini. Ukificha, unazithibitisha.

Njia inayofanya kazi ni kumwonyesha. Fika asubuhi, si jioni, bila mashine mkononi. Piga hodi, salimu, kaa ukikaribishwa, sema jina lako na unakotoka. Kisha: "Mzee, nina mashine ya kutafuta vyuma na sarafu zilizopotea. Naomba nikuonyeshe inavyofanya, kisha uamue." Zika shilingi kumi kina cha kiganja, mpe mashine aipitishe mwenyewe. Akisikia inalia kwa shilingi, ikalia vilevile kwa kifuniko cha soda na kwa msumari, ndoto ya hazina inapungua yenyewe.

Mwambie pia mipaka ya mashine bila kupamba. Ditekta ya kawaida yenye sahani (ile duara ya chini inayopitishwa juu ya udongo) ya inchi 9 hadi 11 hushika sarafu kwenye sentimita 15 hadi 25 udongo ukiwa mzuri. Udongo mwekundu wenye chuma nyingi wa magharibi na mawe ya volkano ya Nakuru hupunguza kina hicho na kuleta milio ya uongo mpaka uirekebishe ilingane na ardhi. Dhahabu ya vumbi iliyo ndani ya jiwe haiioni. Anayeuza kifaa cha kuonyesha dhahabu iliyo mita mia moja mbali anauza antena na maneno.

Dhana: "Tumekubaliana kwa mdomo, sisi ni watu wa hapa."

Mdomo hutosha mpaka kitu kipatikane. Andika nusu ukurasa, nakala mbili, mtie sahihi wote na shahidi mmoja wa boma:

"Mimi ____, kitambulisho nambari ____, mwenye shamba nambari ____, nimemruhusu ____, kitambulisho nambari ____, kupita na ditekta sehemu ya kutoka ____ hadi ____, tarehe ____ hadi ____, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hatachimba zaidi ya sentimita 25. Hatakaribia makaburi, mabomba wala mimea. Kila kitakachopatikana nitaonyeshwa siku hiyo hiyo. Thamani ya vitu vinavyoruhusiwa kuwekwa itagawanywa hivi: ____. Naweza kuondoa ruhusa hii wakati wowote."

Mstari wa mgao ndio watu huuacha wazi kwa aibu, na ndio unaoleta vita. Nusu kwa nusu ni rahisi kueleza. Mstari wa makaburi nao si mapambo. Katika boma nyingi za Waluo na Waluhya makaburi yako uani, na mengine yamelala bila saruji wala msalaba. Uliza yalipo kabla ya kuwasha mashine, na uyaache kwa umbali ambao mwenyeji mwenyewe atauonyesha.

Dhana: "Kashimo kadogo hakana madhara."

Kashimo kakiachwa wazi huvunja mguu wa ndama. Penye nyasi, kata kwa koleo nyembamba pande tatu, upande wa nne uuache kama bawaba, kina cha sentimita 10 hadi 15. Inua kipande chote, weka udongo wa chini juu ya kipande cha gunia, si juu ya nyasi. Chunguza shimo tena, maana msumari mara nyingi hulala kando ya sarafu. Rudisha udongo, funika, kanyaga. Wakati wa kiangazi kikali usikate nyasi kabisa, kwani mizizi haitashika tena.

Wakati unaofaa ni kati ya mavuno na kulima: Nakuru ya juu, kwenye msimu mmoja wa mahindi, ni Januari na Februari. Kwenye miwa ya Mumias au Muhoroni, kuvuna hakumaanishi shamba li wazi, kwa sababu shina lililobaki ndilo litakalochipua tena, kwa hiyo mistari yenyewe haiguswi.

Na takataka zako ondoka nazo. Misumari na vipande vya waya ulivyofukua ukavitupa juu ya nyasi humezwa na ng'ombe, hukaa kwenye tumbo la pili, hutoboa, na vinaweza kufika moyoni. Mwenye shamba akipoteza ng'ombe wa maziwa baada ya wewe kupita, ruhusa imekwisha kwa kijiji kizima.

Dhana: "Kando ya reli, barabara na ufuo hakuna mwenyewe."

Yupo. Hifadhi ya barabara, ya reli, misitu na mbuga kila moja ina taasisi inayoisimamia, na "ya umma" haimaanishi "ya yeyote". Omba kwa maandishi au achana napo.

Dhana: "Risasi kuukuu ni chuma tu, mwenye shamba akiniachia ni yangu."

Kisii palipiganwa Septemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani, na maganda hutokea. Ganda tupu ni chuma. Risasi nzima ni suala la Sheria ya Silaha, kuwa nayo bila cheti ni kosa, na hakuna mwenye shamba anayeweza kukuruhusu. Ukiona kitu cha mviringo kizito chenye pezi au kichwa, usikisugue, usikiinue. Weka alama hatua kadhaa kando, ondoa watoto na mifugo, mwambie mwenye shamba kwanza, kisha piga simu polisi, ili asije kulijua jambo hilo kwa kuona gari lao likiingia kwake.