Utafiti wa tabianchi na afya: tuukague vipi kabla ya kuuamini?

Taarifa inasema joto linaongeza ugonjwa fulani. Nianze kukagua wapi?

Anzia kwenye kipimo cha joto. Tafiti nyingi huchukua takwimu za kituo kimoja cha hali ya hewa, pengine cha uwanja wa ndege, kisha huzitumia kwa wakazi wote wa mji. Mzee anayelala chini ya bati na karani anayeshinda kwenye kiyoyozi wanaandikiwa nyuzijoto zilezile. Kosa hilo laweza kuficha madhara halisi.

Kusema utafiti una upendeleo ni kusema mtafiti amedanganya?

Hapana. Ni kasoro ya namna watu walivyochaguliwa, walivyopimwa au takwimu zilivyochambuliwa, inayosukuma jibu upande mmoja. Mtafiti mwaminifu kabisa anaweza kuwa nayo. Wala wingi wa washiriki hauiondoi.

Kuna mfano halisi?

Upo, na naona kila anayesoma habari za tabianchi angefaa kuujua. Huko Kericho, nyanda za juu za Kenya, waliolazwa kwa malaria kwenye mashamba ya chai waliongezeka kati ya miaka ya 1980 na 1990. Je, ni joto? Mwaka 2002 watafiti waliotumia makadirio ya hali ya hewa ya eneo pana walisema hawakuona badiliko la maana. Wenzao wakawapinga: makadirio ya namna hiyo hayafai milimani, ambako joto hubadilika kwa mwendo mfupi tu. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya vipimo vya kila siku vya kituo cha Kericho chenyewe, vya 1979 hadi 2009, na ongezeko likaonekana: takriban nyuzijoto 0.2 kila muongo.

Hata hivyo, joto kupanda hakutoshi kulibebesha lawama yote. Miaka ileile vimelea vya malaria vilikuwa vinazidi kuwa sugu kwa klorokwini. Utafiti usiotenganisha mambo hayo mawili nausoma kwa mashaka, hata jibu lake likiwa ndilo nililotarajia.

Vifo vya joto huhesabiwaje, iwapo cheti kimeandikwa ugonjwa wa moyo?

Kwa vifo vya ziada, yaani waliokufa zaidi ya kawaida ya majira hayo. Kiangazi cha 2003 barani Ulaya vilikadiriwa kuwa zaidi ya 70,000. Uliza "kawaida" hiyo imetokana na miaka gani, na kama wiki zilizofuata zilihesabiwa pia, kwa kuwa baadhi ya marehemu walikuwa mahututi tayari na huenda wangekufa wiki hizo hata bila joto.

Mapitio yaliyokusanya tafiti nyingi si salama zaidi?

Ni salama iwapo kila utafiti umekaguliwa peke yake, kwa zana kama ROBINS-E, yaani mwongozo wa maswali ya kupima hatari ya upendeleo, na waandishi wakaeleza sababu za kila uamuzi. Kuupa utafiti jumla ya alama za ubora pekee huficha kasoro moja kubwa nyuma ya mazuri madogo. Angalia pia kama walitafuta tafiti ambazo hazikuona madhara, maana hizo mara nyingi hukosa kuchapishwa. Na ukikuta ushahidi umepewa daraja la chini, usidhani madhara hayapo: hakuna anayeweza kuwagawa watu kwa bahati nasibu nani apatwe na ukame na nani asipatwe, hivyo tafiti nyingi hapa ni za uangalizi tu, yaani hutazama yanayotokea yenyewe, na hilo hushusha daraja.