Nyuzi 95 za Goma na duara jeusi chini ya hadubini

Mwanafunzi wa darasa la saba anapotumbukiza kipimajoto katika sufuria ya maji yanayotokota hapa Goma, hukuta alama imesimama karibu na nyuzi 95, lakini daftarini huandika 100, kwa sababu ndivyo alivyokariri. Dhana kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 popote pale imeota mizizi kuliko nyingine zote, na ubaya wake ni kumzoesha mtoto kulisahihisha jicho lake ili lilingane na kitabu. Ukweli ni kwamba nyuzi 100 ni za usawa wa bahari. Mji wetu umekaa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa huo, ambako kani ya hewa ni ndogo, kwa hiyo maji huanza kuchemka mapema. Ndiyo maana maharagwe hapa hula makala (makaa) mengi, na kuchochea moto chini ya sufuria iliyo wazi hakuyapandishii maji joto, bali huyakausha tu.

Wengine hudhani kwamba kupima mara tatu ni dalili ya mtu asiyejiamini. Sivyo: vipimo vikitofautiana kwa milimita moja, tofauti hiyo yenyewe ni habari ya kuandikwa. Hata hivyo, kurudia hakuponyi kila kosa, kwani anayeanzia kwenye ukingo wa rula badala ya alama ya sifuri atakosea mara zote tatu kwa kiasi kilekile, na majibu yake yatapatana vizuri sana.

Kwenye hadubini, ambayo watoto wetu huiita mikroskopi, dhana zinazidi. Karibu kila mmoja hutaka kuanza na lenzi yenye nguvu kuliko zote, akiamini kwamba ukuzaji mkubwa ndio uonaji mzuri. Lenzi ya jicho ya mara 10 ikikutana na lenzi ya chini ya mara 40, ukuzaji ni mara 400, lakini duara linaloonekana huwa na upana usiofika nusu milimita, hivyo kutafuta kitu humo ni sawa na kumtafuta mtu katika soko la Virunga kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Tunaanza na lenzi dhaifu, tunakipata kitu na kukiweka katikati, kisha ndipo tunageuza; tukiwa na lenzi ndefu, ile yenye nguvu, tunagusa skrubu ndogo peke yake, maana ile kubwa huweza kuisukuma lenzi hadi ikapasua kioo.

Nimesahihisha michoro mingi ya ngozi ya kitunguu ambamo seli imechorwa kama duara kamilifu lenye ukingo mnene mweusi. Hilo ni povu la hewa. Seli za kitunguu ni ndefu, zimepangana kama matofali, na kuta zake ni nyembamba. Povu hupungua kifuniko cha kioo kikishushwa taratibu kwa kuinamishwa upande mmoja. Tena picha huonekana juu chini, kushoto kulia, na ndiyo sababu mdudu wa maji ya ziwa huzidi kutoroka kadiri mtoto anavyosukuma kioo kumfuata.

Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini, niliulizwa kwa nini virusi havitazamwi kwa hadubini ya kawaida. Mwanga wenyewe una kikomo: vitu vilivyo karibu kuliko mikromita 0.2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huchanganyika machoni vikawa kitu kimoja, hata ukiongeza lenzi. Kirusi cha Ebola kina upana wa mikromita 0.08 hivi, kwa hiyo maabara zilitafuta vinasaba vyake badala ya umbo lake. Kimelea cha malaria ni kikubwa zaidi, na fundi wa maabara hukiona kwa ukuzaji wa mara 1,000, akiwa ametia tone la mafuta maalumu kati ya lenzi na kioo chenye damu.