Seli ya sola yenye maungio mengi ni nini?

Seli ya kawaida ya silikoni, ile tunayoiona kwenye paa, ina ungio moja: mpaka kati ya tabaka lenye ziada ya elektroni na tabaka lenye upungufu wake. Silikoni ina pengo la nishati, yaani kiwango cha chini cha nishati cha kuamsha elektroni, la elektronivolti 1.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Punje ya mwanga, yaani fotoni, ikija na pungufu ya hapo haiamshi elektroni yoyote. Ikija na zaidi, kama fotoni ya buluu yenye takriban 2.7, silikoni hufaidi 1.1 na iliyobaki hugeuka joto. Ni kama mnunuzi wa korosho anayelipa kilo moja kwa kila mfuko: wa kilo tatu bei ileile, wa nusu kilo anaukataa.

Mwaka 1961 wanafizikia William Shockley na Hans Queisser walipiga hesabu ya hasara hiyo. Kwa hesabu za leo, ungio moja chini ya jua la kawaida haliwezi kugeuza kuwa umeme zaidi ya kama asilimia 33 ya nishati ya mwanga.

Dawa ni kuweka wanunuzi kadhaa, mmoja juu ya mwingine. Seli iliyozoeleka kwenye setilaiti ina watatu: juu fosfidi ya galiamu na indiamu (pengo 1.9 hivi), katikati asenidi ya galiamu (1.4), chini jemaniamu (0.67). Mwenye pengo kubwa lazima akae juu. Jemaniamu ikitangulia itanyakua karibu kila kitu kwa bei ya chini kabisa.

Mpaka hapo ni rahisi. Kazi yenyewe iko kwenye mkondo. Maungio haya yamefungwa mfuatano, kwa hiyo volti zake hujumlika, lakini mkondo wa seli nzima huamuliwa na ungio dhaifu kuliko yote. Fundi aliyewahi kufunga paneli mfuatano chini ya mwembe anajua kivuli kwenye moja kinavyowaponza wenzake. Ndiyo maana tabaka la juu hufanywa jembamba kwa makusudi, ili livujishe mwanga kidogo umfikie wa katikati. Jemaniamu, kwa upande wake, hupata mwanga mwingi kuliko inavyohitajika, na ziada hiyo hupotea tu.

Ninachokipenda zaidi ni hesabu ya uzee. Mionzi ya angani huchakaza asenidi ya galiamu haraka kuliko tabaka la juu. Basi wabunifu huacha la juu liwe dhaifu kidogo siku ya kurushwa, ili miaka ikipita yalingane.

Kuna pia kikwazo kati ya ungio na ungio: hapo hutokea mpaka uliogeuka, unaozuia umeme. Hutiwa tabaka jembamba mno lenye uchafu mwingi wa makusudi, na elektroni hupenya kwa kanuni za kwantamu.

Matabaka yote hukuzwa kwa mvuke, polepole, na bei yake ni ya angani kweli. Spirit na Opportunity, vigari vilivyotua Mirihi mwaka 2004, vilitumia seli za namna hii. Huku duniani tumaini ni maungio mawili tu, perovskaiti (kundi la madini ya fuwele yanayonyonya mwanga vizuri) juu ya silikoni: mwaka 2024 kampuni ya LONGi ya China ilifikisha asilimia 34.6 kwenye seli ndogo ya maabara. Unyevu na joto bado vinaiharibu perovskaiti mapema.