Je, wajua kwa nini Excel hula tarakimu za mwisho za namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania?

Karani wa chama cha wakulima wa chai wilayani Rungwe ametumiwa orodha ya wanachama kwenye faili la CSV. Anabofya mara mbili, Excel inafunguka, na kwenye safu ya NIDA anakuta vitu kama 1.23457E+19. Anabadili mpangilio wa safu. Tarakimu ishirini zinatokea, ila tano za mwisho zote ni sufuri.

Faili halina kosa. CSV ni maandishi matupu, na ukilifungua kwa Notepad utaziona namba zote nzima. Kosa ni la Excel, inayodhani kila kilichoandikwa kwa tarakimu ni kiasi cha kujumlishwa. Ikisoma 12345678901234567890, inabakiza 12345678901234500000.

Kwa nini ikomee tarakimu 15? Kama programu nyingi, Excel huhifadhi namba kwa biti 64 (yaani sufuri na moja 64), kwa IEEE 754, kanuni ya kuandika namba kwenye kompyuta iliyotoka 1985. Usahihi wote unabebwa na biti 53, ambazo zinaweza kuhesabu namba nzima bila kuruka hata moja hadi 9,007,199,254,740,992. Ongeza moja hapo, na jibu halina pa kukaa. Hiyo ni namba ya tarakimu 16. Excel ikachagua kuishia 15.

Na hasara si ndogo. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa tu, kwa hiyo zinazoliwa ni zile za kumtofautisha mtu na mwenzake. Wanachama wawili wanaofanana tarakimu 15 za kwanza watasomeka kama mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili. Namba ya simu nayo hupoteza sufuri ya mbele, lakini hiyo walau unaweza kuirudisha.

Dawa ni kutobofya. Fungua Excel tupu, ingia sehemu ya Data, leta faili kutoka huko, na uiambie safu ya NIDA ni maandishi kabla haijapakiwa. Anayetumia pandas, zana ya data ya lugha ya programu Python, aweke dtype=str ili namba zisomwe kama maandishi. Kubadili safu baada ya kufungua hakusaidii, na ukishabonyeza Save juu ya faili lile lile, omba nakala nyingine kwa aliyekutumia.

Kilo za majani mabichi ya chai nazo, zenye desimali, zina kasoro yake: 0.1 haiandikiki kamili kwa biti, ndiyo maana Python hujibu 0.1 + 0.2 kwa 0.30000000000000004. Kwenye mzani haionekani. Kwenye malipo, hesabu kwa gramu na shilingi nzima.