Matiko: kinachofanya kisu cha springi ya gari kishike makali

Matiko ni ugumu ambao chuma hupata kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Kisu kinaweza kufuliwa na kunolewa vizuri, lakini bila matiko makali yake yatalala baada ya kukata vitu vichache tu. Nyundo na fuawe hukipa kisu umbo. Ugumu hutoka kwenye moto na mafuta.

Si kila chuma hupokea matiko. Lazima kiwe na kaboni ya kutosha. Springi za bapa za pikapu na malori kwa kawaida zina kaboni karibu asilimia 0.6, nazo zinafaa sana. Nondo ya kawaida ya ujenzi haifai. Ukiwa na shaka, kata kipande kidogo, kipashe kiive, kitumbukize kwenye mafuta, kisha pitisha tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma hicho kinafaa. Ikila, tafuta kingine. Springi kuukuu ikague pia kama ina nyufa, hasa kuzunguka tundu la boliti ya katikati, maana ufa mdogo wa leo utafunguka ndani ya mafuta.

Kabla ya matiko, acha upande wa makali na unene wa milimita 1.5 hivi. Ukiwa mwembamba zaidi, hupinda au hupasuka. Kisha pasha ubapa hadi sumaku isiushike, uache upoe wenyewe hewani, na urudie mara 3. Wengi huruka hatua hii kwa haraka, nayo ndiyo inayoondoa mkazo ulioachwa na nyundo.

Sumaku huacha kushika karibu nyuzi 770 za Selsiasi. Springi hutaka kupanda kidogo zaidi, hadi kama 830, wekundu unaoelekea rangi ya chungwa. Fanya kazi kivulini, kwa sababu juani chuma kilichoiva huonekana bado kibichi na utakipitiliza. Kikifika njano, chembe za ndani hukua: kisu kikivunjika, pale kilipokatika utaona punje kubwa zinazometameta badala ya kijivu laini.

Tumia mafuta ya kupikia, lita 4 hivi, ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko, kwani yanaweza kuwaka. Yapashe hadi nyuzi 50 hivi. Yakiwa baridi huwa mazito na hayapozi upesi. Tumbukiza ncha kwanza, kisu kikiwa wima, ukisogeza kuelekea makali na mgongo tu. Ukikiyumbisha ubavuni, upande mmoja hutangulia kupoa na ubapa hupinda. Maji yaache: hupoza kwa ghafla mno, na springi hupasuka.

Hapo kisu ni kigumu lakini kinavunjika ovyo, hata kikianguka sakafuni. Lazima matiko yapunguzwe, na yapunguzwe siku hiyohiyo. Oveni ikiwepo, weka nyuzi 200 kwa saa 2, acha kipoe, rudia mara moja. Bila oveni, sugua ubapa ung'ae, kisha laza mgongo juu ya pande zito la chuma lililopashwa hadi likawa jekundu. Rangi zitajitokeza juu ya uso uliong'arishwa, zikitembea kutoka mgongoni kuelekea makali; hizi si zile rangi za chuma kilichoiva motoni. Njano hafifu inapofika kwenye makali, poza majini mara moja. Kwa panga, ngoja kahawia. Bluu kwenye makali ina maana yamelainika mno kwa kisu. Msuka, yaani sehemu inayoingia mpinini, ndio unaofaa kufikishwa bluu ili usikatike.

Wakati wa kusaga, shika kisu kwa mkono mtupu na kichovye majini kila kinapopita kwenye jiwe. Doa la bluu likitokea kwenye makali, pale matiko yametoka: saga sehemu hiyo yote iishe, au rudi motoni uanze upya.